Ukurasa Wenye Noti Chache

Kuna watu ambao Mungu amewajalia masikio mazuri, nao wakadhani amewapa na mikono. Mmoja wao alikuwa Jamleck, karani wa masjala katika ofisi moja ya katikati ya jiji la Nairobi. Mwaka wa 1972 alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili akipanga mafaili. Jumapili alipiga piano kanisani huko mtaa wa Satellite, alikopanga vyumba viwili na mkewe Nyakio, na moyoni alijihesabu kuwa mwanamuziki aliyepotezwa njia na mshahara.

Kila Jumamosi kazi ilipokwisha, Jamleck hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye duka la ala za muziki ambako mteja aliruhusiwa kusikiliza santuri kabla ya kununua. Alisikiliza nyingi, akanunua chache. Wapenzi wa muziki waliokutana hapo walikuwa na mjadala mmoja usiokwisha: ni kipande kipi cha piano kilicho kigumu kuliko vyote? Mmoja alimtaja mtunzi Chopin, mwingine akamtaja Ravel, na Jamleck akawazima wote kwa Liszt. Kipimo chake kilikuwa rahisi. Aliifungua karatasi ya muziki na kutazama weusi wake. Ukurasa uliojaa noti kama siafu ulikuwa mgumu, na ukurasa mweupe ulikuwa wa watoto. Kwa kipimo hicho Mozart alishika mkia, hasa zile sehemu zake za mwendo wa polepole.

Aliyempinga alikuwa mmoja tu, Tobias Ogutu, fundi wa kurekebisha piano. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Nyanza, mwenye maneno machache.

"Bwana Jamleck," alimwambia siku moja, "hiyo ya Mozart wewe umeshaicheza?"

"Niicheze ya nini? Hiyo naisoma na macho tu. Ni kitu ya standard two."

"Basi icheze kwanza. Halafu tuongee."

Watu waliangua kicheko, na aliyechekwa alikuwa Ogutu. Jamleck alikuwa na ulimi mtamu, na mwenye ulimi mtamu hupata wafuasi hata pale asipostahili.

Mwezi wa Juni shule moja ya kibinafsi huko Lavington ilitangaza kwamba inatafuta mwalimu wa muziki. Kazi hiyo iliandamana na nyumba ndogo ndani ya ua wa shule. Jamleck aliposoma tangazo hilo, moyo ulimwenda mbio. Hakutaka kuzeeka akinusa vumbi la mafaili. Nyakio naye alitaka nyumba hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kwa kuwa huko Satellite alichota maji kwenye mfereji mmoja wa bomba na familia tisa, na mtoto wao Wanja alikuwa mgonjwa wa kifua kila msimu wa baridi.

Jamleck aliandika barua, naye akaitwa. Kila mwombaji alitakiwa kupiga vipande viwili mbele ya mwalimu mkuu: kimoja alichokichagua mwenyewe, na kingine kilichochaguliwa na shule. Cha shule kilikuwa sehemu ya polepole ya sonata moja ya Mozart, kurasa mbili tu. Jamleck alicheka hadi machozi yakamtoka.

Chake alichagua cha Liszt, na kwa majuma sita alikifanyia mazoezi kila jioni kwenye piano ya kanisa. Nyakio, ambaye alimpelekea chai huko, alitambua kwamba anasikia wimbo ule ule siku zote.

"Na ile ingine, Baba Wanja, utaifanya lini?"

"Hiyo si ya kufanya, mama. Hiyo ni ya kupumzisha vidole."

Nyakio alimwamini. Kwa imani hiyo hiyo walimpa Mzee Zachariah, mwenye nyumba, notisi ya mwezi mmoja, na mzee hakukawia kupata mpangaji mwingine.

Siku ya mtihani ilifika. Mwalimu mkuu, Bi. Munyiva, aliketi karibu na dirisha, daftari mapajani. Jamleck alianza na Liszt. Alitoka jasho, akakosea mara nne au tano, lakini makosa yenyewe yalimezwa na ngurumo. Alipomaliza alijipangusa uso, akaona kazi imekwisha.

Kisha akaweka mbele yake zile kurasa mbili. Noti ya kwanza ilitoka nzito kama mlango uliobamizwa, na ya pili haikusikika kabisa. Mkono wa kushoto, uliozoea kunguruma, sasa ulitakiwa kunong'ona, na haukujua kunong'ona. Kimya kilichokuwa kati ya noti na noti kilimtisha, naye akaharakisha ili akikimbie. Bi. Munyiva alimwomba aanze upya, polepole zaidi. Mara hii ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa kila noti ilisimama peke yake na kasoro zake zote. Mara ya tatu aliombwa apige mstari wa kwanza tu, kama mtoto anayebembelezwa. Jamleck aliona haya, haya ya kweli, tena mbele ya mwanamke ambaye hakuwa amemkosea neno.

"Bwana Jamleck," Bi. Munyiva alisema kwa upole, "ile ya kwanza hakuna mtoto wa hapa ataicheza. Hii ndiyo kazi yenyewe. Watoto wangu wanaanza na ukurasa kama huu, na lazima mwalimu awaonyeshe vile ukurasa unaimba. Umeifanyia mazoezi siku ngapi?"

Jamleck alifikiria kudanganya, akashindwa.

"Hata moja, madam."

Bi. Munyiva alimshukuru kwa ukweli wake. Kazi alipewa Lornah, mpiga kinanda wa kanisa moja la Westlands, ambaye alikuwa ameucheza ukurasa ule asubuhi na jioni kwa mwezi mzima.

Jamleck alirudi Satellite kwa miguu, kwa sababu hakutaka kufika. Alimkuta Nyakio ameshafunga vyombo katika maboksi, na godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Dirishani, mke wa mpangaji mpya alikuwa akipima mapazia, huku Mzee Zachariah amemshikia ncha ya utepe. Nyakio alimtazama mumewe usoni na hakuuliza habari ya kazi.

"Tunaenda wapi sasa?" aliuliza.

Jamleck, aliyekuwa na jibu la kila swali la dukani, aliketi juu ya boksi, akampakata Wanja. Yule mwanamke aliendelea kupima dirisha. Wahenga hawakukosea: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.