Bi Zuwena Pimbi na Kawa la Jirani

Paukwa!
Pakawa!
Chungu kikatelekwa?
Kikachemka!
Na kijicho je?
Kikapakuliwa sahani tele!

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyekuja na karanga mfukoni, gawa au zifiche, maana kisa chenyewe ni cha kula.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na kupigiana hodi, palikuwa na jabali moja kubwa mbugani. Juu ya jabali, ndani ya ufa, alikaa Bi Zuwena Pimbi na mumewe Bwana Shomari na watoto wao watatu. Chini ya jabali, ndani ya shimo, alikaa Bi Mize Kindi na wanawe watatu.

Ule ufa ndio uliokuwa mlango wa akina Pimbi, na mlango ndio uhai. Kwa maana juu angani alikaa Tai, na Tai hana kazi nyingine ila kuzunguka na kutazama nani kachelewa kuingia. Kivuli chake kikipita, atakayekiona kwanza hupiga mbinja, fyuuu! Wote ndani.

Sasa, Bi Zuwena alijua kupika. Hilo hatumnyimi. Bokoboko lake likipakuliwa, hata mawe hugeuza shingo. Lakini alikuwa na neno lake moja: mtoto mwembamba ni aibu ya mama. Kwake kila mtoto alikuwa na bakuli lake, na kila bakuli na kilima chake. Mtoto akisema, "Mama, nimeshiba," Bi Zuwena humjibu, "Umeshiba nini? Malizia, usimwachie shetani."

Mtoto akilia, andazi. Mtoto akicheka, andazi. Mtoto akilala, andazi chini ya mto, akiamka alikute.

Watoto wakanenepa. Baba akanenepa. Mama mwenyewe akanenepa, akawa hajulikani kama ameketi au amesimama. Wala hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni Bi Mize.

Mnajua kilianzaje? Kilianza kwa Bwana Shomari. Mdomo wa mwanamume hauna kitasa. Kila asubuhi alikaa juu ya jabali akiota jua, akitazama chini.

"Ama watoto wa Bi Mize ni wepesi! Tazama wanavyoruka. Na mama yao, loo, utasema kaolewa jana!"

Bi Zuwena moyoni, chwii! Kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

"Kamwoe basi," akasema. "Litangulize tumbo lako likapige hodi, wewe utafika kesho."

Siku moja akatua Chiriku, yule ndege asiyeweza kulaza neno nyumbani kwake.

"Shoga, unajitesa bure. Yule ana dawa."

"Nani? Mize? Dawa gani?"

"Ya wepesi! Anaila yeye na wanawe. Sisemi mimi, wanasema watu."

"Watu gani?"

"Watu, shoga! Mimi nimewahi kukuongopea?"

Wiki ile alikuwa amekwisha kumwongopea mara tatu, lakini mwenye kijicho akipewa uongo autakao, haunusi. Tangu siku hiyo chakula kikawa kinashuka kooni mwa Bi Zuwena bila ladha. Kushuka, kilishuka.

Akaapa ataiona hiyo dawa kwa macho yake.

Siku ya kwanza akalala kifudifudi juu ya jabali, akachungulia. Akamwona Bi Mize na wanawe wamezunguka sinia moja. Kwenye sinia, ugali kidogo wa mtama na mchunga mwingi, yale majani machungu ya porini.

"Kumbe dawa ni mchunga!"

Akachuma kapu zima, akauchemsha. Asubuhi mchunga, mchana mchunga, na kingine hakuna.

"Mama, tumekosa nini?" watoto wakauliza.

"Mezeni, mtakuwa kama wa Mize!"

Alasiri haijaingia, watoto na baba yao wakapenya jikoni, wakakivamia chungu cha karanga. Bi Zuwena akawafumania. Akawakemea, akawatukana, akakaa nao. Siku ile wakala cha siku mbili.

Mara, kivuli! Fyuuu! Mbio mlangoni. Wote wakaingia, lakini Bwana Shomari akaacha manyoya kwenye jiwe.

"Mke wangu, mlango umekuwa mdogo."

"Mawe nayo hukua," akajibu Bi Zuwena.

Siku ya pili akachungulia tena. Akamwona Bi Mize na wanawe wanakwenda kisimani kwa miguu, kila mmoja na kibuyu chake, wanaimba.

"Kumbe dawa iko kisimani!"

Akawatoa wote, watoto na baba. Na kwa kuwa safari haikosi njaa, akabeba kapu la vitumbua. Penye mti, wakapumzika. Penye pumziko, kitumbua. Kabla ya nusu ya njia kapu likawa tupu, wakarudi nyumbani kuchoma vingine. Hayo maji ya kisima mpaka leo hawayajui rangi yake.

Mara, kivuli! Fyuuu! Safari hii baba alivutwa mikono, watoto wakasukumwa mgongo, wakashindiliwa ndani kama sufi kwenye mto. Mguu wa mtoto wa mwisho uliingia kucha za Tai zikiwa zimekwisha kugusa jiwe.

"Mlango umezidi kuwa mdogo," akasema Bwana Shomari, jasho likimtoka.

Bi Zuwena akatega sikio. Chini alimsikia Bi Mize anacheka. Bi Mize alikuwa anamchekea mwanawe aliyevaa kibuyu kichwani, lakini kijicho hakiulizi, chenyewe hujijibu. "Ananicheka mimi," akasema Bi Zuwena. "Ngoja."

Siku ya tatu akachungulia tena. Akawaona wanakula, wanazungumza, wanataniana. Mdogo wao akasema, "Mama, nimeshiba."

"Haya, kanawe," akajibu Bi Mize.

Akanawa! Na chakula kimebaki! Halafu Bi Mize akachukua kawa lake la ukindu, akakifunika kile chakula, watoto wakaenda zao kucheza. Hakuna aliyerudi. Hakuna hata aliyegeuka.

Bi Zuwena nywele zikamsimama. "Chakula kimebaki na watoto wamepita! Basi dawa imo ndani ya kawa!"

Akangoja mpaka Bi Mize ametoka. Akateremka kwa makalio, taratibu, akalinyakua kawa, akakiacha chakula wazi. Akapanda nalo akihema. Akalifunikia chungu chake cha wali wa nazi, akakaa kando akisubiri dawa ifanye kazi.

Akafunua kidogo kutazama kama imeanza. Akaonja. Bado mtamu. Akafunika.

Akafunua tena. Akaonja kwa mkono mzima. Akafunika.

Akafunua mara ya tatu, akaona kitako cha chungu.

"Loo," akasema akijifuta mdomo, "dawa imekula wali wote!"

Papo hapo sauti ikatoka chini. "Jamani! Nani kaniondolea kawa langu? Chakula cha wanangu kimejaa inzi!"

Bi Zuwena akalitia kawa kwapani, akatoka mbio kwenda kulificha nyuma ya jabali. Hajafika, jua likazimika usoni pake. Kivuli!

Fyuuu! Bwana Shomari na watoto walikuwa ndani. Bi Zuwena akageuka. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo na kawa, hapo ndipo mlango ukasema basi.

"Vuta!" Watoto wakavuta. Wapi!

"Liachie hilo kawa, mke wangu!"

"Siliachi!"

"Zuwena! Tai huyo!"

"Nikiliachia atajua nimeiba mimi! Heri niliwe!"

Semeni wenyewe, mtu anakubali kuliwa kuliko kuonwa na jirani yake! Nje, Tai akatua, tii! Zamani zile pimbi alikuwa na mkia mrefu wa kupendeza. Tai akaushika. Huku wanavuta, kule anavuta, na Bi Zuwena katikati analia, "Wanangu! Wanangu!"

Bi Mize akasikia kilio kile. Akaparamia jabali, akajipenyeza pembeni mwa ufa mpaka ndani, akaona kilichoziba mlango ni kawa lake mwenyewe. Akalitia meno, karakara-karakara, likawa vipande. Nafasi ikapatikana, upana wa kiganja tu. Wale wa ndani wakavuta kwa bismillahi moja, pwaa! Bi Zuwena akaangukia ndani juu ya mumewe.

Mkia ulibaki na Tai.

Bi Zuwena akainamisha uso.

"Jirani, nilikuibia."

"Nimeona."

"Nilikuwa natafuta ile dawa yako."

"Dawa gani?"

"Ya wepesi."

Bi Mize akamtazama, akataka kucheka, akashindwa. "Mwenzangu, mimi mwanangu akishiba namwambia akanawe. Nikichoka kutembea natembea polepole. Kama ipo dawa nyingine, ukiipata niletee na mimi, magoti yananiuma."

Kesho yake Bi Zuwena akayaweka kando mabakuli, akatandika sinia moja. Wakala pamoja, wakazungumza. Katikati ya chakula mtoto wa mwisho akasema kwa woga, "Mama, nimeshiba."

Bi Zuwena akafumbua mdomo. Neno lake la zamani likafika mpaka kwenye ulimi. Akamtazama mtoto, akautazama ule mguu ulioponyoka kucha za Tai.

"Haya," akasema. "Kanawe."

Na wanaomjua wanasema hapo ndipo palipomuuma zaidi, kuliko palipong'oka mkia.

Hakuwa kindi, msinidanganye. Alibaki pimbi, mviringo kama alivyoumbwa, na mumewe vilevile. Lakini mbinja ikipigwa, wote watano wanaingia, na mwenye kuingia mwisho bado anapata nafasi ya kugeuka na kumtolea Tai ulimi.

Basi, enyi mnaokodolea macho masinia ya watu: mwili wako upimie mlango wako, usiupimie mlango wa jirani. Na mtoto akisema ameshiba, msadiki, maana tumbo ni lake.

Kisa nimekipakua, sufuria nimeisugua. Kikiwa kitamu gawaneni, kikiwa kichungu kitemeeni nje, kibarazani kwangu nimekwisha fagia.