Chumvi Haishuki Mlimani

Paukwa!

Pakawa.

Mlima una njia!

Na njia ina wenyewe.

Hapo zamani za kale, nyati walikuwa wakishuka mlimani kulamba chumvi bondeni. Walishuka, wakapanda, wakashuka, wakapanda, mpaka kwato zao zikachonga njia.

Punda akaifanya njia ya biashara. Alipandisha chumvi, akaibadilisha kwa mahindi kwenye soko la ng'ambo ya mlima. Kila alipofika kileleni, aliweka konzi moja ya chumvi juu ya jiwe. Hiyo ilikuwa haki ya nyati, wenye njia.

Karibu na kilele palikuwa pembamba, pa kupita mmoja tu. Sheria ya wasafiri ilikuwa hii: ukifika hapo, taja mzigo wako. Mwenye mzigo mzito hupita, mwenye mwepesi hurudi nyuma.

Siku moja ya soko Punda alifika, akaita, "Chumvi, gunia moja!"

Fisi akajibu kutoka juu, "Ngozi, magunia mawili! Rudi, Masikio!"

Punda akarudi kinyumenyume. Magunia ya Fisi yalijaa majani makavu. Punda alifika sokoni watu wakikunja mikeka.

Soko la pili Fisi akaita, "Majembe, magunia mawili!"

"Mbona yanapeperuka, bwana?"

"Ni majembe mapya."

Punda akarudi kinyumenyume. Usiku ule wanawe walilala na njaa.

Soko la tatu wingu lilitanda. Mvua ingeyeyusha chumvi, na ghalani hapakuwa na hata punje ya mahindi. Punda akaita, "Chumvi, gunia moja!"

"Chumvi, magunia mawili!" akajibu Fisi.

Punda hakurudi. "Chumvi inashuka?" aliuliza kwa sauti kubwa. "Tangu lini?"

"Dunia inabadilika, mzee. Rudi."

Nyati mmoja akatoka msituni, akasimama nyuma ya Fisi.

"Umepita jiweni," alisema. "Haki yetu umeiweka wapi?"

"Nime... nimesahau."

"Si neno. Fungua."

Fisi akafungua. Upepo ukayachukua majani yote.

Nyati hakuuliza tena. Alimpiga pembe ya kiuno, Fisi akaporomoka kando ya njia hadi bondeni. Punda akapita, akaweka konzi yake jiweni, akafika sokoni kabla ya mvua.

Tangu siku hiyo kiuno cha Fisi kimeinama, na yeye mlima ule haupandi mchana.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fisi ilikuwa fupi kuliko ile aliyopandia.

Hadithi yangu imefika sokoni. Mwenye chumvi aweke jiweni, mwenye majani makavu arudi kwao.