Muuza Udi na Pete ya Maiti

Wamepokezana wasimulizi, na Mola ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba katika mji wa Zinjirani alitawala Sultani Mudrik bin Shamlani, mwenye majumba na askari na bustani za komamanga, na mama yake Mwana Shufaa akatawala kuliko yeye, maana Sultani aliamuru mji na mama aliamuru Sultani. Na katika mji huo palikuwa na mjane kijana, jina lake Somoye binti Hatibu, muuza udi na marashi, na hapakuwa na bibi harusi aliyeingia chumbani bila kufukizwa kwa chetezo chake.

Na Somoye alikuwa na kazi ya pili isiyo na ujira. Mwanamke akifa mkiwa, hana mama wala dada wa kumwosha, huitwa yeye, naye hufunga duka akachukua majani ya mkunazi na kafuri, akaenda akamwosha kama amwoshavyo mzazi wake. Na Shaame, fundi wa milango ya matajiri, ndiye aliyetoa bure kiunza, yaani ule ubao wa kumfunika maiti kaburini. Wawili hawa walikutana kwenye misiba tu, wakasalimiana kwa adabu, kisha kila mmoja akaenda zake akimfikiria mwenzake. Mimi sisemi zaidi, kwa kuwa msibani si mahali pa kuchumbiana.

Walimwengu hawakosi neno, na wa Zinjirani walikuwa na maneno ya kugawia miji mingine. Wakasema, "Mkono uoshao maiti ndio huo huo umpakao mwari marashi! Mshika mbili moja humponyoka." Lakini waliendelea kununua, kwa sababu maneno ni maneno na udi mzuri ni udi mzuri.

Ikawa Siti Jauhari, binti wa Sultani, amepata mchumba, na Mwana Shufaa akamwita Somoye barazani pake, akamwambia, "Ewe binti Hatibu, nimekuchagua uwe mfukizi wa jumba hili, harusi hii na harusi zote zijazo, na nyumba ya ghorofa nitakupa. Ila mikono yako iachane na maiti. Sitaki mauti yaingie kwangu yamejificha kuchani mwako."

Na Somoye akalikumbuka paa la nyumba yake linalovuja, na tamaa ikamwingia, akainama akasema, "Nimesikia na nimetii, bibi yangu."

Lakini alikwisha kuahidi kumwosha maiti mmoja. Mwanamke mgeni alikutwa amekufa katika nyumba ya wasafiri, amevaa hariri, na hakuna aliyemjua. Somoye akasema huyu atakuwa wa mwisho, akajifungia naye akaanza kumwosha, na kidoleni mwa maiti akaona pete ya chuma nyeusi imebana. Ada ya waosha ni kwamba maiti haendi na pambo la dunia, na pete iliyobana hutolewa kwa sabuni na subira. Sabuni ilikuwapo, subira ilikuwa imekwisha tangulia kwa Sultani. Mjumbe akabisha mlangoni, "Bibi Somoye, unangojewa!" naye akaukunja ule mkono, akaufunika kwa sanda, akasema moyoni, "Chuma tu hiki. Nani atajua?" Na maiti akazikwa na pete yake.

Tangu siku ile, kila alichopika Somoye kilinuka kafuri. Alichanganya zafarani, akasaga sandali, akakoroga waridi na ambari, na harufu ikapanda tamu ya kupendeza, kisha ikageuka ghafla ikawa harufu ya chumba cha kuoshea. Akapeleka udi kwa Sultani. Siti Jauhari akafukizwa, na nguo yake ya harusi ikanuka sanda, na mwari akapiga kelele akaivua. Sultani akaghadhibika akasema, "Ijumaa ni harusi. Ukimtia mwanangu harufu hii tena, wewe ndiye utakayefukiziwa." Somoye akarudi nyumbani, na aliogopa, aliogopa kweli, wala sitampamba kwa ushujaa asiokuwa nao.

Sasa jueni kwamba Zinjirani watu hufunga milango jua likiwa la utosi, maana saa hiyo ni ya wenyewe wasioonekana. Somoye, kwa kuhangaika na vyungu vyake, alisahau kufunga. Akainua macho akaona mteja amesimama kizingitini, mrefu, mtanashati, kilemba cheupe. Akataka kumkaribisha, kisha akatazama chini, akaona kivuli cha yule mtu kimelala urefu wa duka zima kama vivuli vya magharibi, ilhali jua li utosini na vivuli vya vitu vyote vimejikunyata chini yake.

Akasema yule mteja, "Usiogope, binti Hatibu. Mimi ni mtumwa wa ile pete. Bibi yangu ndiye uliyemwosha wewe."

"Bibi yako amezikwa," akasema Somoye.

"Najua. Kila siku namwambia, labeka bibi, unaniamuru nini? Hanijibu. Nami sina ruhusa ya kuondoka mpaka anijibu." Na sauti yake ilipopita, udi kwenye vyungu ukanuka kafuri. "Alikuwa tajiri wa nchi ya mbali, mfanyabiashara, na alipenda kheri. Lakini biashara ilimshughulisha, akaniamuru mimi nitoe sadaka zake. Nililisha mayatima kwa jina lake, nikachimba visima, nikakesha na wagonjwa. Naye hakuona uso wa hata mmoja, wala hakuna aliyeuona wake. Akaja kufa safarini, na watu wote aliowatendea mema hawakumjua. Ukamwosha wewe, tena mbio mbio."

Somoye akalia kwa aibu. Yule jini akainama karibu, akasema kwa upole, "Fukua, uivae pete. Nitakuwa mikono yako. Wewe utakaa kwa Sultani na nyumba yako ya ghorofa, na mimi nitaosha maiti wako wote. Ahadi yako kwa walio hai itatimia, na kwa waliokufa pia." Kisha akatoweka, na kivuli chake kikabaki sakafuni kitambo, ndipo kikamfuata.

Somoye akakimbilia kwa Shaame, akamweleza yote, hakuficha hata ile "nani atajua." Shaame akaweka patasi chini, akasema, "Bibi Somoye, mali iliyosahauliwa kaburini sheria yaruhusu kuifukulia. Mimi nilimfunika, basi ni juu yangu kumfunua. Ila jini mwenyewe huonekana saa yake tu. Twende kesho mchana." Na kesho yake ndiyo Ijumaa ya harusi.

Wakafukua jua likiwa la utosi, na mji umenyamaza, hata kunguru hawakulia. Walipokifikia kiunza, wakasikia chini yake sauti ndogo ya adabu ikisema, "Labeka, bibi. Labeka, bibi." Shaame akakiinua, akageuza uso asimwone mwanamke wa watu. Na Somoye akatazama, akamwona jini amechutama kando ya maiti katika nafasi isiyoweza kumtosha mtoto, ameshika ule mkono uliokunjuka kutoka katika sanda, na kidole chenye pete kimenyooka kumwelekea yeye Somoye.

"Ivae," akasema jini.

Somoye akashuka kaburini na maji yake na sabuni. Akasema, "Ewe dada yangu, nisamehe. Nilikuosha kwa haraka, nikakutelekeza na mzigo." Akakiosha kile kidole polepole, akakisugua, akangoja, na huko mjini tarumbeta za harusi zikaanza kulia kumwita, naye hakuinua kichwa. Pete ikalegea, ikaja mkononi mwake, na ilikuwa ya moto, na moyo wake uliitamani; ningekuwa mimi ningeitamani pia.

Akamwambia jini, "Nikiwa na njaa huwezi kunilia chakula, na kheri yangu huwezi kunitendea. Bibi yako alikutuma wewe, na tazama alivyozikwa." Akampa Shaame pete, na Shaame akaiweka juu ya jiwe akaikata kwa tindo.

Jini akatoa kilio ambacho Zinjirani nzima ilikisikia ikadhani ni upepo. Akasema, "Na sasa nitamwitikia nani?" Akaondoka akilia. Wakamfunika yule mama upya.

Somoye akaenda kwa Sultani na udongo miguuni, udi wake ukinuka udi, akamfukiza Siti Jauhari mpaka mwari akacheka kwa raha. Kisha akapiga magoti mbele ya Mwana Shufaa akasema, "Bibi yangu, harufu nzuri imerudi kwa sababu nimetoka kumwosha maiti. Sitaiacha kazi ile. Nyumba ya ghorofa uichukue, na kichwa changu Sultani akikitaka."

Mwana Shufaa akawatazama wajakazi wake waliojaa ukumbi, mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu asiyemwona. Akamwinamia Somoye, akamnong'oneza, "Na mimi, siku yangu ikifika, nani ataniosha asiyelipwa?"

"Mimi, bibi, nikiwa hai. Na sitakuwa na haraka."

Mwana Shufaa akaushika ule mkono aliouogopa, akaubusu.

Basi Somoye akapewa nyumba na ufukizi, na Shaame akapeleka posa nyumbani kwao Somoye, kwa adabu, na wakaoana, na mali yao ikazidi bila duka kuacha kufungwa msibani. Mshika mbili, nduguzanguni, humponyoka ile aliyoilegeza. Kutoa ni moyo, na moyo haupelekwi na mtumishi.

Na huko Zinjirani hadi leo, jua likiwa la utosi, mama hamwiti mwanawe kwa sauti, maana mtaani hakuna mtu, na yuko anayeitika labeka.