Kadi ya Nusu Nauli

Kuku wa mnada nawasikia huko nje kama mnavyowasikia ninyi, na najua wengine mmeshachagua jogoo wenu kabla ya neno. Tulieni. Leo ni Jumapili ya mavuno. Mmeleta mahindi, mmeleta alizeti, Mama Ndahani ameleta mbuzi ambaye ameshakula maua ya madhabahuni, na mimi mchungaji wenu najivuna. Nasema wazi, najivuna nanyi. Ila mtu akishaanza kujivuna inafaa aangaliwe kwa karibu, kwa hiyo nawapa mfano mmoja, kisha mtakwenda mnadani.

Kulikuwa na kwaya moja katika mji mmoja wa reli. Msigeuze shingo kuangalia upande wa kwaya yetu, nimesema kulikuwa na kwaya. Na kwaya ile ilijua kuimba. Besi zake zikishuka unazisikia kwenye benchi ulilokalia. Kila mwaka walikwenda tamasha la uimbaji, mbali, safari ya treni ya kutwa nzima, na kila mwaka watu wa huko waliwangoja.

Sasa, nauli mnaijua. Wale walikuwa wauza nyanya, wakulima, fundi baiskeli mmoja na mke wake. Wakilipa nauli kamili hawafiki, labda waende watatu tu, na watatu si kwaya. Lakini walifika, tena wote. Walifikaje? Walifika kwa sababu katika sauti ya pili alikuwamo bibi mmoja.

Bibi huyu alifanya kazi reli. Alifagia mabehewa tangu usichana wake mpaka kichwa kikawa cheupe, na siku alipostaafu akapewa kadi ya punguzo. Mwenye kadi ile alilipa nusu nauli, yeye na wale anaosafiri nao. Jamani, iangalieni fahari ya mama yule. Wenzake walikuwa na ng'ombe, wengine nyumba za bati. Yeye alikuwa na kadi. Aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, ndani ya nailoni, hata shambani alikwenda nayo. Akifika dirisha la tiketi haombi wala habembelezi. Anaiweka kadi pale, ananyoosha mgongo, anasema, "Niko na wanangu." Basi, kwaya nzima inakata tiketi za nusu nauli.

Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, wakazoea. Na mnajua mazoea yana taabu. Mwaka mmoja wakapata mwenyekiti mpya, kijana hodari, anayependa mistari inyooke. Wakashona sare mpya, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kila mtu anapendeza mpaka wanajiogopa wenyewe. Kitambaa kikapungua cha mtu mmoja. Nani alikosa sare? Mnacheka kwa sababu mnajua. Sauti ya bibi ilikuwa imeanza kukwaruza, miguu imeanza kuvimba, na kwenye mstari alisimama upande upande. Kamati ikakaa, ikaomba kwa sala ndefu sana, kisha ikaenda kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Haya, tunaondoka lini?"

Wakatazamana. Mwenyekiti akasafisha koo. "Bibi, mwaka huu tumeona upumzike. Safari ni ndefu na miguu yako hiyo. Tumekuja kuomba kadi tu."

"Kadi tu?"

"Tutaitunza, Bibi. Na tutakuletea zawadi nzuri."

"Sikilizeni niwaambie, kadi ile..."

"Bibi, usijali. Tutaongea tukirudi."

Bibi akavua kamba ile shingoni, taratibu, akawapa. Mimi nawauliza ninyi mlio na mama zenu: kuna kitu gani kigumu kuliko kumwambia mtu kwamba tunachotaka ni mali yake, yeye mwenyewe abaki? Na tumeambiana hivyo mara ngapi humu ndani, kwa sauti ya upole na sala juu yake?

Asubuhi ya safari stesheni ilijaa bluu. Mkata tiketi aliwafahamu. Akaiona kadi, akatazama huku na huku, akauliza, "Bibi yuko wapi leo?"

Mwenyekiti akajibu haraka, "Yuko kule kwenye mizigo."

Mmesikia? Mtu amevaa sare ya kumwimbia Mungu, na uongo umempita mdomoni kama maji. Tiketi zikakatwa kwa nusu nauli, wakapanda.

Na humo ndani ya behewa, ndugu zangu, waliimba. Sitawapunja haki yao. Abiria waliacha vyakula vyao, watu wa behewa la pili wakaja kusimama mlangoni. Mkaguzi wa tiketi akafika, mtu mzima mwenye heshima zake, akangoja mpaka ubeti ukaisha.

"Mmeimba vizuri," akasema. "Tiketi zenu ni za kadi ya punguzo. Mwenye kadi yuko wapi?"

Mwenyekiti akaiinua ile kadi. "Hii hapa."

"Kadi nimeiona. Namuuliza mwenyewe."

"Mzee wangu, hii ndiyo kadi yetu ya kila mwaka. Sisi ndio wale wale."

Mkaguzi akamtazama kwa huruma. "Kijana wangu, kadi hailipi nauli. Kuna mama aliyatumikia mabehewa haya maisha yake yote, ndiye aliyepewa punguzo. Ninyi mlikuwa mnapunguziwa kwa sababu mko naye. Leo mko na nani?"

Miaka yote walidhani wanabebwa na kadi. Wakaambiwa walipe nauli iliyobaki, hawana. Kwenye kituo kidogo cha mbele wakashushwa, wao na ngoma zao na kinanda chao, na treni ikaondoka. Kituo kile hakina hata kivuli cha maana. Wamesimama kwenye kokoto na sare zao nzuri, na kesho yake asubuhi wanatakiwa jukwaani.

Mwenyekiti akatembea pembeni, akapiga simu. Nadhani simu ile ilikuwa nzito kuliko kinanda.

"Bibi, shikamoo. Bibi... tumeshushwa."

"Najua," akasema bibi. "Niko stesheni."

"Stesheni? Tangu saa ngapi?"

"Tangu mlipoondoka. Nilikuja kuwaaga, mkapita bila kuniona. Nikasema basi nikae hapa hapa kwenye benchi, maana watanipigia."

Kijana akalia. Mwanamume mzima, mwenyekiti, akalia mbele ya kwaya yake. Bibi akamwacha alie, kisha akamwambia, "Ipo treni ya pili, naja nayo, nauli yangu nalipa mwenyewe. Msiende popote."

Treni ya pili ilipofika jua lilikuwa limeshageuka. Mkaguzi wake alikuwa mwingine, hawajui. Akashuka, akazitazama tiketi na kadi, akatikisa kichwa, akauliza swali lile lile. "Mwenye kadi hii yuko wapi?"

Dirisha la behewa la tatu likafunguliwa, kikatokeza kichwa chenye kilemba.

"Mwenyewe niko hapa," akasema. "Hao ni wanangu."

Mkaguzi akasogea pembeni, mlango ukawa wazi. Mwenyekiti akakimbia mpaka chini ya dirisha lile, akaanza kupiga magoti kwenye kokoto, amrudishie kadi yake. "Bibi, tumekukosea."

"Mmenikosea, ndiyo," akasema bibi. "Tena mmenikosea sana. Sasa pandeni. Radhi mtaniomba treni ikitembea."

Wakapanda. Naambiwa kesho yake walisimama jukwaani wote bluu, na katikati ya mstari wa mbele palikuwa na kitenge kimoja cha kijani kilichopauka, cha miaka mingi iliyopita, na sauti moja inakwaruza bila wasiwasi wowote. Mnataka kujua walishika namba ngapi? Hiyo sitawaambia. Mtu akiuliza namba baada ya mfano huu, arudi mwanzo.

Sasa ni zamu yetu, sisi wenyewe. Tuna misalaba shingoni. Tuna majina ya ubatizo, tuna sare, tuna mavuno yanayojaza kanisa mpaka mbuzi anakosa pa kusimama. Tukifika kwenye shida tunalitoa Jina la Bwana kama kadi dirishani, na mambo yanafunguka, na sisi tunafurahi. Lakini ni lini tumempa nafasi ya kukaa nasi behewani? Kwenye harusi zetu tunampigia honi nje, mezani hatumkaribishi. Kwenye vikao vya urithi tunamwambia apumzike, tutaongea tukirudi. Tumemwambia Bwana wa mavuno kwamba tunaomba kadi tu.

Tena bibi yule aliwapatia wanawe nusu. Huyu wetu hakulipa nusu. Alilipa nauli nzima, kwa mwili wake, akamaliza, halafu sisi tunamwacha kwenye benchi la stesheni kwa sababu kitambaa cha sare hakikutosha.

Nimesema najivuna nanyi, na silifuti. Mmelima mwaka wa ukame na mmeleta. Ila siku moja treni yetu sisi sote itasimama, na hatutaulizwa rangi ya kitenge wala uzito wa gunia. Tutaulizwa swali moja tu, lile lile. Tukianza kuinua misalaba yetu na vyeti vyetu vya ubatizo, tutaambiwa kadi imeonekana. Mwenyewe yuko wapi?

Na hapo, wapendwa, hakuna mwenyekiti atakayetusemea, wala mimi mchungaji wenu sitaweza. Kutakuwa na dirisha moja tu la kutazama. Atakayetokeza pale bado yuko kwenye benchi leo, hajaondoka, anangoja tumpigie. Mpigieni sasa, kabla ya mnada, ili siku ile tumsikie akisema kwa mdomo wake: niko hapa, hao ni wangu.