Ukili Mnene

Ndugu zangu mlioketi safu kwa safu, nipeni masikio kidogo.

Palikuwa na fundi saa aliyesifika mji mzima kwa ukali wa macho yake. Uzee ulipomjia, ukungu ukamtanda machoni, ukazidi mwaka hata mwaka. Akafunga duka, akasingizia mgongo. Na ole wake ambaye angethubutu kumwambia kuwa haoni!

Mkewe alikuwa msusi wa mikeka. Alimshonea mkeka wa kusalia, akautandika chumbani. Lakini kwenye ncha ya kusimamia alitia ukili mmoja, yaani utepe wa ukindu uliosukwa, mnene, mgumu, wenye kuchoma nyayo.

"Mama, mikono imekuishia nguvu?" fundi alimtania kila alfajiri, na utani wenyewe ulikuwa na miiba. "Miaka arobaini unasuka, leo unanishonea kamba ya ng'ombe?"

"Niwie radhi, bwana. Nitaurekebisha."

Hakuurekebisha. Miaka sita mume alilalamika. Miaka sita mke aliomba radhi.

Kisha mke akafariki. Wazishi walipotaka mkeka wa kumtandikia kaburini, fundi, akizuia kilio kwa utani wake uleule, alisema, "Chukueni huo wangu. Aliukosea mwenyewe, basi aende nao."

Akanunuliwa mkeka mpya, laini kama hariri. Siku ya nane, dada mdogo wa marehemu alikuja kumjulia hali, akamkuta anasali. Akangoja hata alipotoa salamu.

"Shemeji, mbona umeipa kibla kisogo?"

"Mimi? Si nimesimama palepale pa siku zote?"

"Umesimama ncha isiyo yake. Mkeka wa dada uko wapi?"

"Anao mwenyewe, kaburini. Si ulikuwa na kosa?"

Mwanamke akajishika mdomo. Kisha akasema taratibu, "Halikuwa kosa, shemeji. Ukili ule tuliushona pamoja. Aliniambia, 'Mume wangu haoni tena, na hataki ijulikane. Nyayo zake zitamwonyesha pa kusimama. Nawe usimwambie mtu. Acha anicheke mimi, asije akachekwa yeye.'"

Fundi akapiga magoti, akaupapasa mkeka mpya toka ncha hata ncha. Mkono ukateleza tu. Hapakuwa na pa kushika.

Ndugu zangu, mtu huyu alipofuka lini? Ni siku ukungu ulipomwingia machoni? Au ni ile miaka sita aliyoyakanyaga mapenzi kila alfajiri, akayaita kosa? Na sisi je? Nani tuliyemkemea leo asubuhi, kabla hatujamuuliza kwa nini chakula kapika hivi, mlango kaufunga vile? Tunakiona kinachotuchoma, mkono uliokitia pale hatuuoni.

Tukitoka hapa, twendeni nyumbani upesi, maadamu yuko wa kuambiwa ahsante. Fundi yule sala zake zote alizozisali kisogo alizilipa, kwani sala iliyotupita ina kadha, huisali mtu baadaye. Lakini shukrani iliyompita mwenyewe hata akafa, ndugu zangu, kadha yake tutaisali wapi?