Nakunda wa Nakijwa

"Jina la bibi halilali nje." Vijana waliisikia methali hiyo kwa Bi Mbonea alipokuwa akimkaribisha mgeni, wakataka kujua ilitoka wapi. Naye, huku akipukuchua maharage, akawaambia kuwa methali hii ilianza hivi.

Huko milimani, ambako ukungu hushuka hata mchana, palikuwa na msichana aitwaye Nakunda. Alilelewa na bibi yake, Nakijwa. Babu alifariki mapema akaacha watoto wadogo. Bibi akalima, akawakuza, na watu wakazoea kuwaita wa Nakijwa. Jina likashuka hadi kwa wajukuu. Nakunda alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote, lakini jina lilimtia haya. Wenzake kisimani walimcheka wakisema kwao hakuna mwanamume wa kuitwa kwa jina lake. Kwa hiyo bibi alipofariki, kila alipoulizwa ni wa nani, Nakunda alimtaja babu yake Kiondo, ambaye hakuwahi kumwona.

Siku moja aliondoka kwenda ng'ambo ya mlima kumtazama dada yake aliyejifungua. Alipofika juu, ukungu ukamfunika na njia ikapotea. Miti ilisimama kama watu waliosahau walichotaka kusema. Sauti ya nyayo zake ilimrudia, kana kwamba kuna mtu anamfuata polepole. Akatembea bila kujua kama anapanda au anashuka, hata jioni ikaingia. Ndipo aliposikia harufu ya moshi, akaifuata mpaka kwenye nyumba moja.

Alipopiga hodi, sauti ya mwanamke ikauliza ni nani. Miaka ile wezi wa mifugo walikuwa wakizunguka, na mlango haukufunguliwa ovyo.

"Ni Nakunda, mjukuu wa Kiondo."

"Simjui Kiondo. Nenda salama, mwanangu."

Nakunda akaketi chini ya ukuta, akajikunyata. Baridi ikamlegeza macho. Akajiona yuko mapajani mwa bibi, ananusa samli na moshi katika kaniki yake, mkono wa bibi ukipita taratibu kichwani mwake. Hakujua kama yu macho au anaota. Akaita kwa sauti ndogo, kama alivyoita utotoni akiugua, "Bibi. Bibi Nakijwa."

Komeo likavutwa. Mwanamke wa makamo akatokea mlangoni na kijinga cha moto.

"Umemwita nani?"

"Bibi yangu. Alishafariki."

Mwanamke yule akainua kijinga, akamtazama usoni. Kisha akaeleza kwamba mwaka wa njaa mama yake, akiwa mjamzito, alianguka njiani huko ng'ambo, upande alikotoka Nakunda. Mjane mmoja, ambaye wanawe mwenyewe walikuwa na njaa, akamwingiza ndani, akamlaza kitandani pake, yeye akalala chini. Mtoto akazaliwa humo, akapewa jina la mwenye nyumba.

"Mtoto huyo ni mimi," akasema. "Naitwa Nakijwa. Bibi yako ni somo yangu. Ingia."

Nakunda akaingia akilia. Akapewa uji, akafunikwa, akalala karibu na moto, na asubuhi akasindikizwa hadi njia panda.

Wakwe wa dada yake walipomuuliza ni wa nani, alijibu waziwazi, "Wa Nakijwa." Na dada yake alipouliza kwa hofu alilala wapi katika ukungu ule, Nakunda akampakata mtoto, akasema:

"Jina la bibi halilali nje."