Ufunguo wa Nyumba ya Uwanjani

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo.

Katika mji wa Kwelusa walikuwako watu watatu. Daudi Singano alikuwa fundi mwashi. Ukuta wake haukupata ufa. Mwanaidi Shekue alijua maji na majani. Alipopanda yeye, paliota. Ramesh Solanki alijaliwa ulimi. Hata aliyemjia kwa hasira aliishia kuketi akamsikiliza.

Na alikuwako Bi Salome Mhando, mjane wa mwenyekiti wa chama cha kriketi. Tangu siku ya maziko moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Akiwekewa chakula, alikula. Asipowekewa, hakuuliza.

Uwanja wa Kwelusa zamani ulikuwa mahali pa kuanikia katani. Shamba lilipofungwa, watu wakaanza kucheza kriketi mle mle vumbini, na mkoa mzima haukuwa na uwanja mwingine wa mchezo huo.

Daudi ndiye aliyejenga jukwaa la mawe, vyumba vya wachezaji na ubao mkubwa wa alama. Siku ya kuezeka aliteleza kwenye paa akavunjika nyonga. Kazi aliimalizia akiwa kitini, akielekeza kwa fimbo. Hakujenga tena.

Mwanaidi ndiye aliyechimbisha kisima akaotesha majani. Ule ukanda wa katikati, anaposimama mpigaji kuusubiri mpira, aliushindilia mpaka mpira ukadunda sawasawa. Mwaka wa ukame maji yote aliyapeleka uwanjani, shamba lake likakauka. Mumewe alifungasha akaondoka.

Ramesh hakuinua jiwe wala ndoo. Lakini matajiri walipotaka kuugeuza uwanja kuwa maduka, alizunguka ofisi baada ya ofisi mpaka mpango ukafa. Ndugu zake walikuwa wakihamia ng'ambo, wakamsihi waende wote. Alibaki kumaliza shauri la uwanja, akazeekea katika chumba cha kupanga.

Basi chama kikajenga nyumba ndogo nyuma ya jukwaa, ya mtu mmoja kuishi humo mpaka kufa kwake. Wanachama wakashindwa kuelewana ni nani kati ya hao watatu apewe. Wakampelekea Bi Salome ufunguo, maana wazo la nyumba lilikuwa la marehemu.

Siku ya mechi ya mkoa, wale watatu walimfuata jukwaani.

"Shemeji," alisema Daudi, "naona haya kusema, lakini marehemu aliniahidi nyumba ile. Ngazi za kwa mwanangu siziwezi tena."

Mwanaidi akamtazama. "Aliniahidi mimi, Daudi. Tulikuwa pale kisimani. Wifi, mimi nalala sebuleni kwa watu."

"Na mimi aliniahidi," alisema Ramesh. "Mwenye chumba changu anataka kukibomoa."

Bi Salome aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Alimjua mumewe, mtu asiyeweza kumwambia mtu hapana. Alingoja hasira ije, haikuja. Uwanjani mtu alipiga mpira ukavuka mpaka, watu wakashangilia, naye aliisikia kelele kama inatoka mji mwingine.

"Na kama mngekaa wote?" aliuliza.

"Vyumba viwili, wifi," alisema Mwanaidi taratibu. "Wanaume wawili, na mimi mwanamke. Na chama kimesema mtu mmoja."

Mechi ikaisha. Watu wakatoka, jukwaa likabaki na wao wanne. Bi Salome akasimama, ufunguo kiganjani. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu maziko, akatamani mumewe angekuwapo. Si kwa mapenzi, bali amwulize alikuwa na maana gani. Machozi yakamlenga, hayakutoka. Akaunyoosha mkono.

Bila kuta, wachezaji wasingekuwa na mahali pa kukaa. Bila majani, wasingekuwa na mahali pa kucheza. Bila maneno, leo pangekuwa maduka. Na ahadi ni ile ile, kwa wote.

Mkono wa Bi Salome umenyooshwa. Je, wewe uliyesikiliza, ufunguo ungempa nani?